Miundombinu ya data za kijiografia nchini Tanzania

Miundombinu ya data za kijiografia ya taifa ni jumla ya sheria, makubaliano, viwango, wataalamu na mitambo inayoziwezesha ofisi za serikali kutumia kwa pamoja ramani na takwimu za mahali, na kumwezesha mwananchi kuzipata bila kuzunguka ofisi hadi ofisi. Jina lake huwafanya wengi wafikirie kompyuta na nyaya za intaneti. Vitu hivyo vinahitajika, lakini ndivyo vilivyo rahisi kununua. Kigumu zaidi ni maafikiano: ofisi gani ni mtunzaji wa ramani gani, vipimo vinahesabiwa kuanzia wapi, nani anaruhusiwa kuziona data na kwa bei gani.

Nchini Tanzania upimaji wa ardhi na ramani za msingi ni kazi ya Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, lakini sehemu kubwa ya data za mahali hutengenezwa na kutunzwa na taasisi nyingine. Hali hiyo huonekana vizuri ikitazamwa katika eneo dogo, kama kata ya Mabatini jijini Mwanza.

Maana

Data za kijiografia ni taarifa yoyote iliyofungamana na mahali: mpaka wa kiwanja, njia ya bomba la maji, kimo cha ziwa, idadi ya watu wa kata, mvua iliyopimwa katika kituo fulani. Ndani ya kompyuta kila aina ya taarifa huhifadhiwa kama tabaka, na matabaka huweza kupangwa moja juu ya jingine. Faida kubwa hupatikana hapo. Ramani ya mafuriko peke yake huonyesha maji, na ramani ya nyumba peke yake huonyesha mapaa. Zikipangwa pamoja huonyesha ni nyumba zipi zitaingiliwa na maji mvua kubwa ikinyesha.

Shida ni kwamba matabaka hayo kwa kawaida hayako katika ofisi moja. Hutengenezwa kwa miaka tofauti, kwa vifaa tofauti na kwa malengo tofauti, na mara nyingi ofisi moja haijui kwamba ofisi jirani tayari inayo ramani inayotafutwa. Matokeo yake eneo lilelile hupimwa mara mbili au tatu kwa fedha za umma.

Mfano wa Mabatini

Mabatini ni kata ya wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza. Ni eneo la makazi yaliyobanana, mengi yakiwa yamejengwa kabla ya kupangwa na kupimwa, katika mji ambao nyumba hupanda vilima katikati ya majabali. Mto Mirongo hupita upande huo kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na mvua kubwa zikinyesha hufurika. Jina la kata lina maana ya mahali penye mabati, na kweli anayeitazama kwenye picha ya setilaiti huona kwanza mabati: mapaa yamekaribiana kiasi kwamba ni vigumu kujua nyumba moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Taarifa kuhusu eneo hilo dogo zimegawanyika katika ofisi nyingi. Michoro ya mipango miji iko Halmashauri ya Jiji. Ramani za upimaji huidhinishwa chini ya Wizara ya Ardhi, ambayo tangu mwaka 2020 ina ofisi katika kila mkoa badala ya ofisi za kanda. Mabomba ya maji safi na majitaka yanajulikana na mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA. Nguzo za umeme ni za TANESCO. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu iendayo Musoma iko chini ya TANROADS. Maji ya mto yenyewe husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria, mvua hupimwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na watu huhesabiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mbali na hao wote, mwenyekiti wa mtaa ana taarifa ambazo hazipo kwenye kompyuta yoyote, kwa mfano maji ya mafuriko yalifika dirisha la nani.

Umuhimu wa kuunganisha taarifa hizo unaonekana katika jambo moja la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Kwa familia yenye nyumba karibu na Mirongo, mita hizo zinaweza kuamua kama kiwanja chake kitarasimishwa au kitahesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya mto. Swali linaonekana rahisi: nyumba iko umbali gani kutoka mtoni? Lakini ili kulijibu inabidi kuwa na tabaka la mto na tabaka la nyumba, na matabaka hayo yatoke kwenye vipimo vinavyolingana.

Ramani ya msingi ya nchi iko kwenye kipimo cha 1:50,000. Kwa kipimo hicho milimita moja ya karatasi ni mita 50 ardhini, na mstari wa mto uliochorwa kwa unene wa nusu milimita unafunika mita 25. Mstari wa namna hiyo unatosha kumwonyesha msafiri kwamba kuna mto mbele yake. Kuutumia kuamua nyumba ipi iko mita 58 na ipi iko mita 63 ni kuulazimisha useme jambo ambalo mchoraji wake hakulipima. Ziwani tatizo lina sura nyingine, kwa sababu ufuko wenyewe huhama: mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964. Anayepima mita 60 kutoka ufukoni ni lazima aseme pia ni ufuko wa mwaka gani.

Mfumo mmoja wa vipimo

Chanzo cha makosa makubwa zaidi hakionekani kwenye karatasi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilitengenezwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, uliotokana na upimaji mrefu wa kufuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini kuelekea Misri. Vifaa vya GPS, zikiwemo simu za mkononi, hutumia mfumo mwingine, WGS 84, ambao huhesabiwa kutoka kitovu cha dunia. Mahali palepale panapoandikwa kwa mifumo hiyo miwili, namba hutofautiana. Katika Tanzania tofauti ya kaskazini na kusini peke yake ni karibu mita 300.

Kwa hiyo fundi anayechukua mto kutoka ramani ya zamani na nyumba kutoka GPS, akazipanga pamoja bila kubadilisha mfumo, anausogeza Mto Mirongo hadi mtaa mwingine kabisa. Kompyuta haitamwonya ikiwa faili halikuandikwa lilitumia mfumo gani. Ramani itatoka nzuri, yenye rangi na alama zote, na itakuwa na kosa linalozidi mara tano zile mita 60 za sheria.

Ili kuondokana na hali hiyo Tanzania imeandaa mfumo mpya wa marejeo unaotegemea setilaiti, TAREF11. Mfumo mpya hauondoi wa zamani mara moja. Ramani za upimaji na kumbukumbu zilizofanywa kwa vipimo vya zamani bado zina nguvu, na kila moja inabidi ibadilishwe kwa uangalifu. Jambo jingine ni kwamba nchi imekatwa na kanda tatu za gridi ya UTM, yaani kanda ya 35, 36 na 37. Mwanza iko katika kanda ya 36, Dar es Salaam katika ya 37, na Kigoma mjini katika ya 35. Jozi ya namba isiyotajwa kanda inaweza kuangukia sehemu zaidi ya moja ya nchi.

Metadata na mtunzaji

Kwa sababu hiyo kila data inapaswa kuandamana na metadata, yaani maelezo kuhusu data yenyewe: nani aliitengeneza, lini, kwa kifaa gani, kwa mfumo upi wa vipimo, kwa usahihi kiasi gani, na nani aulizwe kuihusu. Kiwango cha kimataifa cha maelezo hayo ni ISO 19115, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Metadata zikikusanywa katika orodha moja inayoweza kutafutwa hupatikana katalogi. Katalogi hufanya kazi kama ile ya maktaba: haina vitabu ndani yake, lakini inasema kitabu kipo rafu gani na kama kinaazimishwa.

Kanuni ya pili ni ya mtunzaji mmoja. Kila tabaka huwa na ofisi moja yenye wajibu wa kulisahihisha, na ofisi nyingine zote hulitumia hilo badala ya kutengeneza nakala zao. Zamani kushiriki data kulimaanisha kunakili faili kwenye diski, na kuanzia siku hiyo nakala ilianza kuchakaa. Siku hizi seva ya mtunzaji inaweza kutoa ramani moja kwa moja kwa programu ya ofisi nyingine kupitia intaneti, ili mabadiliko yanayofanywa asubuhi yaonekane kwa wote mchana. Lugha za mawasiliano kati ya seva na programu hizo zimewekwa na Open Geospatial Consortium, shirika lililoanzishwa mwaka 1994, na zinaweza kutumiwa na programu huria zisizolipiwa, kama QGIS.

Makazi yaliyobanana milimani huonyesha faida ya jambo hilo. Mabomba ya maji na majitaka hupita kwenye vichochoro kati ya nyumba na nyumba. Anayechimba msingi, mtaro au shimo la nguzo bila kuona tabaka la mabomba huenda akalikuta bomba kwa sururu.

Historia

Ramani za mwanzo za kina za Tanganyika zilitengenezwa kwa msaada wa idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni, ambayo mwaka 1957 ilibadilishwa jina kuwa Directorate of Overseas Surveys. Ilipiga picha kutoka ndege na kuchora karatasi za 1:50,000, kazi iliyoendelea baada ya uhuru. Karatasi hizo ziliuzwa Dar es Salaam. Mtu wa Mwanza aliyetaka ramani ya mji wake alipaswa kuagiza au kusafiri zaidi ya kilomita 1,000.

Mwaka 1975 kilianzishwa jijini Nairobi kituo cha kikanda cha ramani na uchunguzi wa rasilimali, ambacho leo huitwa RCMRD. Tanzania ni mwanachama wake. Wazo la miundombinu ya taifa lenyewe lilipata nguvu duniani mwezi Aprili 1994, Rais Bill Clinton wa Marekani alipotoa amri iliyozitaka ofisi za serikali ya nchi hiyo kuorodhesha na kushiriki data zao za mahali. Afrika Kusini ilitunga sheria maalumu mwaka 2003, na Umoja wa Ulaya ulitoa maagizo yake, INSPIRE, mwaka 2007. Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya wataalamu wa taarifa za kijiografia mwaka 2011, na mwaka 2018 ilitolewa pamoja na Benki ya Dunia mwongozo wa nchi kujenga miundombinu hiyo.

Katika Tanzania mamlaka juu ya data hizo yametawanyika katika sheria kadhaa, zikiwemo Sheria ya Upimaji Ardhi, Sheria ya Ardhi ya 1999, Sheria ya Mipango Miji ya 2007, Sheria ya Takwimu ya 2015 na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Kila sheria inaipa ofisi yake kazi, na kila ofisi ina sababu ya kusema data ni zake. Kwa upande wa kumbukumbu za viwanja, Wizara ya Ardhi ilianza kuhamisha majalada ya karatasi kwenda kwenye Mfumo Unganishi wa Kuhifadhi Kumbukumbu za Ardhi, ulioanzia Dar es Salaam. Baadaye ulikuja Mradi wa Uboreshaji Usalama wa Milki za Ardhi, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 150 kutoka Benki ya Dunia.

Sensa, mipaka na anwani

Takwimu za watu hazina maana bila mipaka yake. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 2.9 katika sensa ya mwaka 2002, na watu 2,772,509 katika sensa ya mwaka 2012. Anayesoma jedwali peke yake atadhani watu walipungua. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita, uliochukua sehemu ya Mwanza. Mwaka huohuo Manispaa ya Ilemela ilitengwa na Jiji la Mwanza, na takwimu za "Mwanza mjini" za kabla na baada ya hapo haziwezi kulinganishwa bila kuangalia ramani. Mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 3,699,872. Miundombinu nzuri huhifadhi mipaka ya zamani pamoja na mipya, kila mmoja ukiwa na tarehe yake, badala ya kufuta wa zamani.

Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na maeneo ya kuhesabia watu yalitengewa ramani za kidijiti. Kabla yake, mwezi Februari mwaka huo, ilizinduliwa operesheni ya anwani za makazi, ambapo barabara na njia zilipewa majina, nyumba zikapewa namba na mahali pake pakarekodiwa. Postikodi ya Tanzania yenye tarakimu tano inaishia kwenye ngazi ya kata; ndani ya kata kama Mabatini, ambako nyumba nyingi hufikiwa kwa ngazi na njia za miguu, namba ya nyumba ndiyo inayoweza kumwongoza mkunga, zimamoto au mleta bili. Zoezi hilo lilizalisha moja ya hazina kubwa za data za mahali nchini. Hazina ya namna hiyo ina faida ndogo ikitumika kwa anwani tu, kwa kuwa mpanga miji, mamlaka ya maji na kamati ya maafa wanahitaji orodha ileile ya nyumba.

Upatikanaji kwa wananchi

Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Haki hiyo ina mipaka, kama vile usalama wa taifa na faragha ya watu. Kwa upande wa takwimu, mabadiliko ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu yalizuia kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Yalilaumiwa ndani na nje ya nchi, na mwaka 2019 yalilegezwa. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi mwaka 2011, ikaandaa mkutano wa Afrika wa data huria jijini Dar es Salaam mwezi Septemba 2015, kisha ikajiondoa katika mpango huo mwaka 2017.

Suala la bei lina ubishi wa muda mrefu. Ofisi za ramani duniani kote zimezoea kuuza ramani ili kufidia gharama, na hoja yao si ya kupuuzwa: upimaji ni ghali, na bajeti ni ndogo. Mfano unaopinga hoja hiyo ni wa picha za setilaiti za Landsat. Marekani iliziuza kwa mamia ya dola kila moja hadi mwaka 2008 ilipozitoa bure, na matumizi yake yakaongezeka mara nyingi mno. Leo mwanafunzi wa Mwanza anaweza kupakua bure picha za Ghuba ya Mwanza kuanzia miaka ya 1970 na kuangalia jinsi mji ulivyopanda vilima. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba inaweza kuwa rahisi kwake kupata picha iliyopigwa kutoka angani kuliko mchoro wa mipango miji wa mtaa anaoishi.

Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na ramani za kujitolea. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, humruhusu yeyote kuchora na kutumia ramani bure kwa masharti ya kutaja chanzo. Katika Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaro, njia na maeneo yanayofurika, na ulihusisha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Zanzibar ilipigwa picha kwa droni kuanzia mwaka 2016, kazi iliyofanywa na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pamoja na Kamisheni ya Ardhi. Ramani hizo ni za haraka na mara nyingi ni za karibuni zaidi kuliko za serikali, ila hazina nguvu ya kisheria. Haziwezi kumpa mtu hati, na mbele ya baraza la ardhi hazichukui nafasi ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa.

Faragha na hofu

Si kila data inafaa kuwa wazi. Ramani ya mipaka ya kata haimdhuru mtu, lakini orodha inayounganisha jina, namba ya nyumba, deni la kodi ya ardhi na namba ya simu inaweza kumdhuru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti juu ya ukusanyaji na usambazaji wa taarifa za namna hiyo. Takwimu za sensa hutolewa kwa jumla ya eneo, wala si kwa kaya mojamoja.

Katika makazi yasiyopimwa hofu ina sababu zake. Wakazi wanaowaona vijana na vifaa vya kupimia huuliza kwanza kama wanakuja kuwapa hati au kuwaandalia bomoabomoa, na ramani ileile inaweza kutumika kwa yote mawili. Kwa mwenye nyumba ya karibu na Mirongo, kuweza kuiona ramani ambayo ofisi inaitumia, pamoja na tarehe yake na kiwango chake cha makosa, kunampa nafasi ya kuipinga mapema, kabla alama nyekundu ya X haijapakwa ukutani.